Amana ya Yaya

Kwa jina la Aliyeumba tumbo la uzazi kabla ya kukiumba kitakachokaa ndani yake, Asiyemsahau aliye juu ya ardhi wala aliye chini yake, naanza. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, aliyekulia mikononi mwa walezi.

Watu wa habari hii ni wanne. Wa kwanza ni fundi wa mapazia, mjane wa makamo, mwenye cherehani moja na mkasi asiomwazima mtu. Wa pili ni bintiye wa miaka minane, ambaye mtaa mzima humwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi iliyo shavuni mwake. Wa tatu ni bwana wa miaka arobaini na mitatu, mkuu wa idara katika ofisi kubwa, aitwaye Kipenzi, jina alilopewa na mama yake na ambalo hata kazini halijambanduka. Wa nne ni mama mzazi wa fundi. Huyu alikuwa yaya wa Kipenzi tangu bwana huyo alipozaliwa hadi yeye yaya alipofariki dunia, akazikwa miaka tisa iliyopita baada ya sala ya adhuhuri, kaburi la tatu kutoka ukutani.

Jumanne moja, baada ya alasiri, fundi alikwenda nyumbani kwa Kipenzi kupima madirisha. Alikuwa amekwisha kupima matano, na amesimama juu ya kiti mbele ya la sita, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni, mama yake alipoingia kwa mlango wa jikoni amebeba beseni la maji. Alivaa aproni yake ya buluu. Visigino vyake vilikuwa na udongo, akavipangusa kwenye mkeka wa mlangoni. Kisha aliliweka beseni chini na kuyajaribu maji kwa kiwiko.

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Subiri kidogo, nimalize kwa mtoto."

Mtoto aliingia akilegeza tai. Aliketi, akanyoosha miguu, akafungua barua zake za ofisi. Marehemu alimwosha kidole kimoja kimoja, akamkata kucha, kisha akamlisha uji, kila kijiko akikipuliza kwanza.

"Uji wa leo mzito, yaya," Kipenzi alisema bila kuinua macho.

"Nitauongeza maji, baba."

Adhana ya magharibi ilipoanza, marehemu alimwaga maji, akaliegemeza beseni ukutani na kutoka kwa mlango wa nyuma. Fundi alishuka akamfuata mbio hadi langoni, asimkute.

"Umemkosa," mlinzi alisema. "Adhana ikilia, huyo hakai. Lakini kuchelewa kuja, hajachelewa hata siku moja, na huu mwaka wa tisa. Sisi wenye pumzi ndio kila siku tuna udhuru."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukwambie nini, dada? Kwamba mama yako yuko kazini? Lini hakuwa kazini?"

Fundi alirudi ndani kumalizia dirisha la sita. Alikuwa na umri wa miaka miwili mama yake alipoingia katika nyumba ile, na tangu hapo alimjua zaidi kwa mlio wa komeo la mlango kuliko kwa sura. Mama aliondoka yeye akiwa usingizini, akarudi yeye akiwa usingizini. Nywele zake alisukwa na jirani mwenye mkono mzito. Alipougua surua, mama alikuja siku ya tatu na chupa ya dawa iliyobakia nusu, kwa sababu Kipenzi naye alikuwa ameugua, na ameshapona. Fundi hakumchukia mama yake. Alikuwa akimngoja tu, na mazoea ya kungoja hayakukoma siku ya maziko.

Jumatano alirudi kumwona Kipenzi, akamwomba amruhusu mama yake jioni moja. Kipenzi alimkaribisha kwa heshima na kumweleza jambo lilivyokuwa. Mama yake Kipenzi, siku anakata roho, alimshika yaya mkono akamwambia, "Mtoto huyu ni amana kwako. Usimwache, hata nikifa mimi, hata ukifa wewe." Yaya, ambaye hakuzoea kumpinga bimkubwa, aliitikia, "Naam." Mtoto wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minane na ndevu.

"Basi mfungue," fundi alisema.

"Ningemfungua, dada yangu. Lakini amana hiyo sikuiweka mimi, aliiweka mama."

"Na mama yako yeye haji?"

"Mama?" Kipenzi alifikiri kidogo. "Mama anapumzika."

Alisema bila ubaya wowote. Fundi akaenda kusimama karibu na beseni, marehemu alipokuwa ameshika bakuli la uji.

"Mama, una mjukuu. Hujamwona."

Kijiko kilisimama hewani. "Ana nywele?"

"Anazo nyingi, na zinamshinda."

"Na huyu nani atamwosha?"

"Mimi," fundi alisema, kwa haraka ya mtu aliyeona mlango umeachwa wazi. Alikusudia jioni moja tu, lakini hakulitamka.

Alhamisi walikutana langoni. Mama alimkabidhi aproni, akamwagiza ayajaribu maji kwa kiwiko wala si kwa kidole, na asiuguse sana unyayo wa kushoto kwa kuwa una mtekenyo. Kisha akashika njia ya kwenda nyumbani kwa mwanawe. Fundi alimwosha Kipenzi miguu, akamkata kucha, akampulizia uji.

"Mzito kidogo, yaya," Kipenzi alisema, akageuza ukurasa.

Adhana ilipolia fundi alikimbia njia nzima. Alimkuta Kidoti kizingitini, kichwa kimesukwa mistari myembamba iliyonyooka kama mishono ya pindo.

"Bibi alikuwa hapa," mtoto alisema. "Haumizi hata kidogo. Ameondoka sasa hivi tu. Anakusalimu."

Ijumaa fundi hakwenda. Alifunga duka mapema, akatandika mkeka, akaweka kitana na vikombe vitatu vya chai, akakaa na bintiye dirishani. Baada ya alasiri marehemu alitokea akipanda mtaa. Alipita mbele ya nyumba bila kugeuza shingo, kwa kuwa saa ya mtoto ilikuwa imefika na kule kwa Kipenzi hakukuwa na mtu. Kidoti alimwita mara mbili. Yeye akainua mkono, asisimame. Chai ilipoa, na Kidoti alilia hadi isha.

Fundi alimwuliza imamu. Imamu alisema kwamba amana hufunguliwa na aliyeiweka, na kwamba ataomba dua. Aliomba kweli, miezi mitatu.

Tangu Jumamosi iliyofuata ile Ijumaa ya chai, fundi huvaa aproni kila siku baada ya alasiri, na marehemu huenda kukaa na Kidoti. Mapazia ya Kipenzi yameshatundikwa, ya watu wengine yamelala chini ya cherehani nusu nusu. Mtaa umezoea. Jirani hubisha hodi kwa marehemu kuomba chumvi, na mlinzi humwita fundi yaya. Kidoti amenawiri. Anajua kusuka, anajua dua ya kulala, anajua pia mambo ambayo fundi mwenyewe hakupata kuambiwa.

"Bibi anasema ulipokuwa mdogo hukuwa ukilia," alisema jioni moja. "Kweli, mama?"

"Kweli."

"Kwa nini?"

"Hakukuwa na wa kunisikia."

Kidoti alilikubali jibu hilo na kuendelea kumsuka mwanasesere wake.

Siku hizi fundi hurudi akimkuta amelala, maana bibi humbembeleza kabla ya adhana. Jana alimkuta mkekani, kichwa kimeinuka kidogo juu ya sakafu, kimelalia mahali palipokuwa na mapaja ya bibi yake. Fundi alipiga magoti akapapasa. Palikuwa bado na joto. Alijilaza upande wa pili, akasogea polepole asimwamshe mwanawe, akajaribu kukiweka kichwa chake hapo. Nafasi ilikuwa ya kichwa kimoja. Alibaki amelala vivyo hivyo, shavu kwenye saruji.

Mola awarehemu akina mama waliotangulia, awapumzishe hata wasiojua kupumzika. Na hawa waliobaki, mama na binti, awajaalie siku moja wakutane wote wakiwa macho. Amina.