Mgeni Aliyetishwa Safari ya Tunduma

Kilichomwasha Witness ni chungwa. Tangu waoane, Ernest hakuwahi kummenyea chungwa. Humrushia tu, adake mwenyewe. Lakini jioni ile aliposhuka kutoka Morningside, kule juu mlimani, na mgeni wake, aliketi kizingitini akazungusha kisu taratibu, ganda likatoka utepe mmoja mrefu. Halafu akalikata vipande na kumwekea yule dada wa Kikenya kiganjani.

"Asante, Ernest," mgeni akasema. Ernest hivihivi, bila kaka, bila Baba Abel.

Ernest alikuwa akiongoza watalii kwenye milima ya Uluguru, na nyumba yao ya Towero, pale barabara inapoanza kupanda, ilikuwa na chumba cha uani cha kulaza wageni. Wazungu walilala siku moja, wakacheka kwa ishara, wakaenda zao. Nekesa, mwalimu wa Bungoma aliyekuwa likizo, alikuwa amemaliza wiki, na tatizo lake ni kwamba Kiswahili alikijua. Alicheka mpaka neno la mwisho. Hata kile kisa cha nyani aliyeiba kofia ya padri, alichotoa Ernest siku alipomtongoza Witness, nacho kilikuwa kimeshatolewa huko mlimani. Witness alikisikia kikimaliziwa njiani, kicheko kikitangulia kufika nyumbani kabla ya watu wenyewe.

Ernest alipoingia kuoga, Nekesa akavuta kigoda karibu na Witness, akachukua konzi ya njegere kumsaidia kumenya.

"Mama Abel, nikuulize. Nataka kuona Zambia kidogo, nivukie Tunduma, halafu nirudi hapa. Ernest ameahidi kunipeleka kilele cha Bondwa nikirudi. Sasa huko mpakani kuko salama kweli, kwa mwanamke peke yake?"

Nirudi hapa. Neno hilo lilimkaa Witness kooni kama mwiba wa samaki. Tunduma ndiko alikozaliwa. Mama yake mpaka leo anauza mchele kule, hatua chache kutoka mpakani, na utotoni Witness alikuwa akitumwa chumvi upande wa pili kama mtu anayetumwa kwa jirani. Jibu la kweli lilikuwa fupi. Akalimeza.

"Dada yangu, usithubutu," alisema, akishusha sauti. "Watu wa kule wanamjua mgeni kwa viatu tu. Unashuka kwenye basi una begi, unafika geti huna. Malori yamejaa barabara nzima, mtu akikuvutia katikati yake, nani atakuona?"

"Ala! Na polisi?"

"Polisi nao ni wangapi? Wewe rudi zako kupitia Namanga. Kule ni kama sebuleni kwenu."

Nekesa aliacha kumenya. Witness akamwona amenywea, na moyoni akasikia utamu kama aliyelamba asali. Kesho au keshokutwa huyu ataelekea Arusha, na Bondwa itabaki palepale.

Lakini ndege mjanja hunaswa na tundu bovu. Walipokaa kula, Nekesa akamgeukia Ernest.

"Mimi Tunduma sitaiacha, nimeingoja sana. Ila vile Mama Abel amenieleza, siwezi kwenda peke yangu. Nisindikize mpaka nivuke. Nitagharamia kila kitu."

Tonge likasimama mkononi mwa Ernest. Tunduma alikwenda yeye mwenyewe na wazee kuposa, wakakirimiwa mpaka wakasahau kuondoka. Akamtazama mke wake, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kujifanya.

"Kama Mama Abel kasema kuna hatari, basi ipo. Huyu hasemi uongo. Itabidi nikulinde."

"Siku ngapi?" Witness akauliza.

"Njia ni ndefu, mke wangu. Tunalala Mbeya."

Tunalala. Ernest akanawa, akaingia chumbani, wakamsikia akikung'uta vumbi la begi, tena akipiga mluzi. Kama ni utani au kweli, Witness hakujua, na mluzi ule haukumpa nafasi ya kufikiri.

"Dada Nekesa," alisema, "Tunduma ni kwetu."

"Kwenu wapi? Wewe si Mluguru?"

"Mluguru ni yeye. Mimi nimezaliwa kule. Fika mchana, pita ofisini kama watu wengine, hela badilisha kwenye duka la fedha, usimpe kijana anayekukimbilia stendi, na njia za mkato usizifuate. Hakuna atakayekugusa. Mama yangu atakupokea, nitampigia sasa hivi."

Mluzi ulinyamaza chumbani.

"Sasa ulinitishia nini?"

"Nilitaka urudi kwenu, usipite tena hapa."

Nekesa alimwangalia, akauangalia mlango wa chumbani ambapo Ernest alikuwa amesimama na begi tupu mkononi.

"Kwa sababu ya huyu? Huyu anayekoroma mpaka nasikia kule uani?"

"Mimi nakoroma?" Ernest akauliza.

"Unakoroma," wanawake wakajibu pamoja.

Witness alicheka, lakini roho ilimuuma kidogo. Kumbe hata mkoromo wa mumewe alikuwa akigawana na mtu.

Asubuhi wakampeleka mgeni stendi ya Msamvu, Ernest na begi, Witness na Abel mgongoni, na Witness akahakikisha katikati anatembea yeye. Basi lilipoondoka alipunga mkono kwa moyo safi kabisa.

Keshokutwa yake mama akapiga simu kutoka Tunduma.

"Shikamoo, mama. Mgeni kafika?"

"Marahaba. Kafika salama, mwanangu. Nani kakufundisha kuchagua marafiki? Ana adabu huyu. Kaamka kabla yangu, kafagia uwanja, kachemsha chai. Nimempa kile kitenge changu cha zambarau."

"Mama, kile si ulisema utanipa mimi?"

"Wewe una mume wa kukununulia."

Witness alivuta pumzi. "Anavuka lini?"

"Avuke na haraka gani? Nimemwambia akae mpaka Jumapili, nimpeleke kanisani watu wamwone."

Simu ilipokatika, Ernest aliuliza kama mgeni yuko salama huko mpakani.

"Yuko salama," Witness akasema, akimhamishia Abel bega la pili. "Salama kupita kiasi."