Karai la Mwaloni

Paskazia alikuwa na dharau ya kuigawia kata nzima ya Bugarama, na bado ingebaki ya kumtosha mwenyewe hadi jioni. Aliwadharau wanaonunua maandazi kwa kuwa ni wavivu, akawadharau wanaoyauza kwa kuwa wanakanda unga kama wanaoponda udongo wa kukandika nyumba. Lakini waliolala chini kabisa, kwenye sakafu ya dharau yake, ni wale wanaokaanga kalimati zenye mikia. Na wa kwanza kati ya hao alikuwa wifi yake Mariana, mke wa mdogo wake Jilala.

"Kalimati ni duara," alikuwa akisema kila akipata wa kumsikiliza. "Ukiona ina mkia, hicho ni kiluwiluwi. Kirudishe bwawani."

Ukimsikia ungedhani kalimati zilizaliwa Bugarama, jikoni kwake. Kumbe alifundishwa na mama Zakia, mwanamke wa asili ya Ujiji aliyekuwa akiuza kanga nyumba ya tatu. Mwezi wa Ramadhani mama huyo alikuwa akimwita aje amshikie beseni. Mama Zakia alipohamia Kahama, Paskazia alibaki na ujuzi, na jina la mwenye ujuzi likamtoka kichwani. Ila jambo moja tumpe haki yake: mkono wake ulijua. Aliufumba kwenye unga, akaminya, tonge likachomoza kati ya kidole gumba na cha shahada, likaangukia kwenye mafuta likiwa mviringo kama gololi. Moja, na nyingine, na nyingine, zote sawa kama ndugu wa tumbo moja.

Jumamosi hiyo mkono ule ulikuwa na kazi kubwa kuliko zote. Watu walikuwa wanakuja kumposa binti yake Nelly. Kijana mwenyewe, Boaz, hakuwa na neno. Mwenye maneno alikuwa mama yake, Martina wa Chato, aliyekwisha kutamka kwenye harusi moja, mbele ya watu, kwamba wasichana wa machimboni wanajua kuhesabu pikipiki tu, jiko hawalijui. Maneno yalisafiri kutoka Chato hadi Bugarama bila nauli. Paskazia aliyapokea, akasonya, akaapa kwamba mama huyo atakula kalimati mpaka aombe radhi mdomo ukiwa umejaa shira.

Basi Ijumaa jioni, karai lake la miaka tisa likatoboka.

Mariana alikuja na sufuria lake pana, akalitoa kwa mikono miwili kama inavyopasa kumpa mkubwa. Paskazia aliliangalia kama mtu anayeangalia kiatu cha mtoto. Akasema lile ni la kuchemshia yai moja, na yai lenyewe liwe la njiwa. Akampigia simu Jilala, akamwambia alete karai usiku huohuo na asimwulize maswali. Jilala alikuwa mwanaume wa kushuka futi mia moja chini ya ardhi kwa kamba, akapanda juu akicheka. Ila dada huyu alimlea tangu mama yao alipofariki, na mbele yake hakuwa na mdomo. Akaleta karai. Alilileta limesuguliwa kwa mchanga na sabuni mpaka linang'aa.

Asubuhi Mariana alifika mapema kusaidia, mtoto wake Klara, wa miaka miwili, akiwa amemshika sketi. Alimwamkia wifi yake shikamoo, akaitikiwa marahaba ya puani. Akaliona karai juu ya mafiga, mafuta ya alizeti yameshaanza kupata moto. Akaliona na bonde dogo lililopondeka ubavuni.

"Wifi," alisema taratibu, "hili ni la mwaloni, kule wanakooshea dhahabu. Ndilo baba Klara anachanganyia zebaki."

Paskazia hakugeuka. Alikuwa akiupiga unga kwa kiganja, pwa, pwa, pwa, nao ulikuwa umeumuka vizuri, unavutika, una mapovu na harufu ya iliki. Alijibu kwamba karai ni karai, limeoshwa mara tatu, na kwamba yeye amekula vumbi la machimbo haya tangu Mariana hajui kujifunga kanga.

Mariana hakunyamaza. Alisema mwalimu wao wa masomo ya jioni aliwaeleza: zebaki haitoki kwa sabuni, na ikipata moto inapanda hewani bila rangi wala harufu, mtu anaivuta hivihivi huku anaongea.

"Mwalimu wako huyo," Paskazia aliuliza, "amekaanga kalimati ngapi?"

"Sijui, wifi."

"Basi mwambie akazikaange, halafu aje anifundishe. Na wewe ukae pale utengeneze shira. Shira haina mkia, hutaiharibu."

Mariana alimbeba Klara mgongoni, akaenda kukaa mlangoni, penye upepo, na jiko lake la mkaa na sufuria la sukari. Paskazia aliona amekaa mbali makusudi. Akabenua midomo. Elimu ya jioni, aliwaza, ni kama taa ya jioni: inavutia wadudu tu. Huyu angemwogopa hata Ngassa.

Ngassa alikuwa jirani wa nyuma. Miaka kumi na moja alichomea dhahabu yake yenye zebaki chumbani, kwenye kikaango, mlango umefungwa ili wezi wasione. Sasa mikono yake ilitetemeka mchana na usiku, kikombe cha chai akashikiwa na mkewe. Paskazia alikuwa na mzaha wake kwa ajili hiyo, na aliurudia hata mbele ya mwenyewe: "Ngassa, wewe chai huinywi, unaioga." Watu walicheka. Ngassa naye alicheka, shati limelowa.

Mafuta yaliiva. Paskazia akachota unga, akafumba, akaminya. Kalimati zikaanguka, zikazama, zikaibuka zikijigeuza zenyewe, nyeupe, halafu za manjano, halafu za rangi ya asali. Hakuna hata moja yenye mkia. Akaziopoa kwa kijiko cha matundu akazimwaga kwenye sinia. Kama desturi yake, akakigonga kijiko kwenye ukingo wa karai, mara mbili, mafuta yachuruzike.

Ukingo wa makarai hayo umekunjwa, na ndani ya mkunjo huo mchanga wa Jilala haukufika. Kitu kikadondoka. Kilitua katikati ya sinia, kati ya kalimati, nacho kilikuwa mviringo kuliko zote.

Alidhani ni tone la mafuta. Akaligusa kwa ncha ya kijiko. Likapasuka yakawa matatu, yote meupe kama fedha. Yakakimbizana kwenye bati, yakakutana, yakawa moja tena.

Bugarama hakuna mtu mzima asiyejua kitu hicho. Paskazia alisimama. Nje, mbali kidogo, ikasikika milio ya pikipiki mbili zikipunguza mwendo, na Nelly akaita toka sebuleni kwamba wageni wamefika. Sinia ilikuwa imejaa, nzuri, inatoa mvuke. Tone lenyewe lilikuwa dogo kuliko mbegu ya mtama. Angeweza kuinamisha sinia kidogo likaanguka chini. Nani angejua? Mariana alikuwa ameinamia sukari yake.

Mbele ya macho yake ukatokea mkono mdogo. Klara alikuwa ametelemshwa mgongoni, amekuja kimyakimya kama paka, na sasa ameshika kalimati, anaipuliza kama alivyofundishwa.

Paskazia aliupiga ule mkono. Kalimati ikaruka ikabingirika hadi mlangoni, mtoto akalia, na Mariana akainuka.

"Ee, wewe," Paskazia alisema, na hakuwa akimwambia mtoto. "Leta hilo sufuria lako la yai."

Mengine aliyafanya bila kusema. Alifunika uso kwa kanga, akaufukia moto kwa majivu, akabeba sinia nzima akaimwaga kwenye shimo la choo, kalimati kwa sinia yake. Alirudi kupitia uani, na wageni, wawili, walikuwa wamesimama pale hawajakaribishwa, wamemwona mama mkwe mtarajiwa akitoka chooni amejitanda usoni kama mwizi. Martina alikuwa mwanamke mnene mwenye macho madogo yasiyokosa kitu. Nyuma yake alisimama Athanas, mjomba wa kijana, barua ya posa mfukoni.

Paskazia aliwaamkua, akawaingiza kwa Nelly, akarudi nje. Mariana alikuwa ameshapeleka sufuria mlangoni, kwenye mkaa, na mafuta mapya. Unga kwenye beseni ulikuwa haujaguswa na karai. Paskazia akachota, akafumba ngumi. Ngumi ikatetemeka.

Aliitazama. Alijiambia ni hasira. Alijiambia ni kukimbia na sinia. Akajaribu tena, na unga ukachuruzika kwenye kifundo cha mkono kama uji. Akaosha mikono, akaificha chini ya kanga, akamwambia wifi yake akaange.

Zikatoka na mikia. Nyingine zilikuwa na mikia miwili.

Sebuleni Martina alichukua moja kwa vidole viwili, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. Akasema kwao Chato wanakaanga samaki, mambo haya hawayajui sana, ila amesikia kwamba hizi huwa za mviringo. Akauliza ni mkono wa nani, isije ikawa ndio mkono wa bibi harusi.

Nelly aliinamisha kichwa. Mariana, aliyekuwa amesimama na birika, aliinamisha pia. Paskazia alikuwa na uongo wa aina tatu tayari ulimini, na wote ulikuwa mzuri.

"Karai langu limetoboka," alisema. "Ndugu yangu, mpumbavu, akaniletea la zebaki. Huyu wifi yangu akaniambia, na mimi mpumbavu wa pili sikumsikia, mpaka nimeiona kwa macho yangu kwenye sinia. Nimemwaga zote, ndiko nilikokuwa natoka. Hizi kakaanga yeye. Ndiyo maana zina mikia."

Martina aliitazama kalimati, akaitia mdomoni nzima, akatafuna polepole. Akachukua ya pili. Alipofika ya nne alimgeukia Athanas, akamwambia kwa ukali mbona amekaa na barua ya watu mfukoni kama tiketi ya basi.

Barua ikapokewa kwa mikono miwili na mzee mmoja wa upande wa Nelly aliyeitwa haraka kutoka kwa jirani. Wakati watu wanapiga vigelegele, Paskazia aliokota kalimati ya mwisho, akamsogelea Mariana, akamwonyesha.

"Mkia wote huu wa nini, wifi?" alisema kwa sauti ya chini. "Jumatatu uje nikuoneshe. Na uje na sufuria lako."

Mkono wake mwingine ulikuwa bado chini ya kanga.