Ukaguzi wa Ardhi ya Lettie Carver

Jumanne asubuhi Lettie Carver alikuwa akimenya viazi pale misonobari kumi na mmoja ya jirani iliporuka ukuta wa mawe, ikaja kusimama kwenye shamba lake. Aliihesabu mara mbili, akarudi kwenye viazi.

"Karibuni, ila msinikanyagie mboga," alisema dirishani.

Alishazoea. Tangu asaini kwa hiari yake mkataba kwamba ekari zake arobaini za pwani ya jimbo la Maine zisijengwe milele, kila mti uliosikia msumeno ng'ambo ya ukuta ulihamia kwake. Huko ng'ambo matajiri wa mjini walikuwa wakinunua kila kipande, nao walifurahi: viwanja vilijifyeka vyenyewe, na mandhari ya Lettie, isiyojengwa kamwe, wakaiweka kwenye matangazo ya kuuzia nyumba zao. Jambo hilo lilimkera hadi kichwa kikamgonga.

Alhamisi ikaja nyumba. Ilikuwa ya mbao, ya kupanga, na mdogo wake Dwight, mchimba chaza wa ufukweni, alikuwa ameishi humo miaka thelathini. Mwenye nyumba alikuwa kaiuza, na mnunuzi alitaka kuibomoa. Iliruka ukuta Dwight akiwa ndani, anakunywa kahawa.

"Nimefika, dada."

"Nakuona. Umenikatia kamba ya nguo."

"Mimi? Igombeze nyumba."

Wiki iliyofuata Bwana Pruitt wa shirika la hifadhi alilosaini nalo, mstaafu mpole, alikuja kwa ukaguzi wake wa kila mwaka.

"Miti safi kabisa," alisema. "Ila nyumba hii mwaka jana haikuwepo. Mkataba unakataza jengo jipya."

"Jipya! Ina miaka tisini!"

"Kwenye ardhi yako ni jipya, Bi Carver."

"Miti umeipokea bila hata kuuliza imetoka wapi. Huyu Dwight kazaliwa hapa hapa!"

"Ulisaini mwenyewe."

"Nilisaini ili wale wasijenge, si ili mdogo wangu akose pa kukaa! Jamani!"

Bwana Pruitt alisikitika kwelikweli, akaandika.

Nyumba ilirudi yenyewe ng'ambo, ambako katapila lilikuwa linaisubiri. Kijijini hapakuwa na nyumba nyingine ambayo mchimba chaza angeimudu. Dwight alilala wiki mbili kwenye kochi la dada yake, akachoka kuambiwa avue viatu. Asubuhi moja alitoka navyo, akaenda kusimama katikati ya misonobari. Baridi ilipoingia, magome yalikuwa yamemfika shingoni.

"Dwight, acha upuuzi, ingia ndani," alisema Lettie, akimpelekea kahawa.

"Hapa hanifukuzi mtu, dada."

Mwaka uliofuata Bwana Pruitt alihesabu tena, akafika kwenye mti uliovaa viatu vya mpira, kikombe kikiwa shinani.

"Huu ni mpya."

"Huyo ni Dwight," alisema Lettie. "Haya, andika."

Bwana Pruitt alivua kofia, akamsalimia Dwight, akaandika: mti mmoja, unaruhusiwa.