Kicheko cha Skolastika

Mwezi wa tano mwaka 2015, meli ilipokuwa ikienda Kagunga na kurudi Kigoma imejaa watu waliokimbia Burundi, Jovita alikuwa ameshamwambia mumewe kwamba hii ndiyo filamu yao ya mwisho. Alimwambia jikoni, yeye akichambua dagaa, mumewe akitafuta kiberiti.

"Sawa, Mama Noel," Nathaniel alijibu. "Tumalize hii kwanza."

Hakuuliza sababu. Jovita alikuwa amejiandaa kwa mabishano, na kutobishiwa kulimchosha zaidi.

Nathaniel alitoka Mbeya ujanani, akapangiwa kufundisha historia Kigoma. Alikuta wanafunzi wake wanajua vita vya wafalme wa Ulaya, lakini hawajui ni akina nani walioilaza reli iliyopita nyuma ya darasa lao. Jovita, mzaliwa wa Simbo mkoani humo, alikuwa mkalimani wa mahakama. Walioana, wakapata mtoto wao Noel, wakanunua kamera ya kanda ndogo kwa mmisionari mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na tangu hapo wakawa wanatengeneza filamu za historia ya mkoa. Walitengeneza ya vibarua wa reli, ya wapika chumvi wa Uvinza, na ya wakimbizi wa miaka ile ya tisini, makambi yalipojaa hadi miti ya kuni ikaisha vilimani. Hakuna aliyewatuma. Walionyesha kwenye kumbi za parokia na madarasa ya shule, shuka jeupe likiwa limetundikwa ukutani.

Kazi waligawana. Nathaniel alishika kamera. Jovita alivaa hedifoni, akashika kipaza sauti, akauliza maswali kwa Kiha, ambacho Warundi wanakielewa karibu kama lugha yao. Kisha, nyumbani kwao Katubuka, yeye ndiye aliyekaa na kanda, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akaandika kwa Kiswahili. Kwa hiyo maneno ya mama aliyepoteza wanawe njiani yalipita masikioni mwake pale kambini, yakapita tena mezani, na yakapita tena Nathaniel alipokuwa anaunganisha picha. Mumewe aliona nyuso. Yeye alisikia pumzi.

Filamu hii ya mwisho ilihusu watu waliovuka kutoka Burundi kuja upande huu, kuanzia mauaji ya mwaka 1972. Nathaniel alikuwa na kila kitu ila mwisho. Wakimbizi wapya walipoanza kushushwa bandarini na kupelekwa uwanja wa mpira kungojea mabasi, alisema mwisho umekuja wenyewe.

"Watu hawaji ili wewe upate mwisho," Jovita alimwambia.

"Najua. Nimesema vibaya."

Walikwenda. Uwanja ulikuwa na mahema, ndoo za maji yenye dawa, na harufu ya klorini iliyowasha pua. Watu walikuwa wamelala kwenye nyasi na mizigo yao chini ya vichwa. Jovita aliuliza, akasikiliza, akauliza. Kufikia mchana alikuwa anasikia sauti tu, maneno yakimpita. Mzee mmoja alipokuwa katikati ya habari za mashua iliyowaleta, Jovita alivua hedifoni akaziweka begani.

"Endelea, mzee wangu," Nathaniel alisema upesi, kisha akamgeukia mkewe. "Vipi?"

"Masikio yanauma."

Yalikuwa hayaumi. Alimwomba mzee radhi, akaenda kukaa kwenye ngazi za jukwaa, penye kivuli kidogo. Hapo ndipo mwanamke mwenye mtoto mgongoni alipomfuata na kusimama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Wewe ni Jovita wa kipaza sauti. Ulikuja kwetu kambi ya Mtabila nikiwa mdogo. Mama yangu ni Skolastika."

Jovita alimwangalia. Majina mengi yalikuwa yameshamtoka, lakini hilo halikuwa limetoka. Katika miaka yote ile, Skolastika ndiye mtu pekee aliyemfanya acheke hadi hedifoni zikadondoka. Walimkuta nje ya kibanda chake kambini, mwaka 1997, wakitarajia habari za kukimbia vita. Yeye akaanza na harusi yake: jinsi wakwe walivyoleta mahari kwa mashua, upepo ukavuruga kila kitu, mbuzi akaruka majini, na bwana harusi akamfuata na nguo zake zote mpya. Alisimulia mchana mzima. Katika filamu waliweka kipande kifupi tu, pale aliponyamaza na kujifuta macho. Habari ya mbuzi haikuwa na mahali pa kukaa.

"Basi wewe ni Vere," Jovita alisema. "Ulikuwa unapita mbele ya kamera, mama yako anakufukuza."

"Ndiye mimi. Verediana." Mwanamke akakaa. Alieleza bila haraka. Mama yake alifariki kambini. Mtabila ilipofungwa, yeye na mumewe walirudi Burundi, wakajenga nyumba Nyanza-Lac, wakapanda mihogo na michikichi. Sasa mumewe hajulikani alipo, na yeye yupo tena upande huu.

"Pole sana, mwanangu."

"Asante." Alimhamishia mtoto pajani. "Mama, nina swali. Picha ya mama yangu sina, lakini sura yake naijua, maana ni hii yangu. Kilichonipotea ni sauti. Nikijaribu kuikumbuka, nasikia sauti ya shangazi. Ile kanda mnayo?"

Jovita alitaka kusema hajui. Lingekuwa jibu rahisi, na lenye ukweli ndani yake.

"Tutaitafuta," alisema.

Kanda za zamani zilikuwa Buzebazeba, nyumbani kwa dada yake, ndani ya sanduku la bati chini ya magunia. Ziwa lina unyevu wake. Nusu ya kanda zilikuwa zimeota kuvu nyeupe kama unga. Waliipata ya Skolastika ikiwa na doa pembeni. Kamera ile ya kwanza ilikuwa imekufa zamani, wakaipeleka kanda kwa Leodgar, fundi wa redio na video pale Mwanga, ambaye alikuwa na mashine moja aliyoiokota kwenye ofisi iliyohama. Leodgar aliwaambia waziwazi kwamba hajui kama mashine itaicheza kanda au itaitafuna. Aliisafisha kwa pamba na spiriti, siku baada ya siku, kati ya kazi nyingine. Alipofanikiwa, mabasi yalikuwa yameshaondoka uwanjani, na Verediana pamoja nayo, kwenda kambi ya Nyarugusu.

"Picha imekufa," Leodgar alisema. Kwenye kioo kulikuwa na mistari ya kijivu inayotetemeka. "Sauti ipo. Inakatika hapa na pale, lakini ipo."

Alimnyooshea Jovita hedifoni asikilize. Jovita akazirudisha. "Nimekuamini. Itoe tu, uiweke kwenye memori kadi."

Kupata kibali cha kuingia kambini kulichukua muda, na muda huo Nathaniel aliutumia kufikiri. Wakiwa kwenye basi la Kasulu, vumbi likiingia madirishani na abiria wamejifunika vitambaa, aliyasema aliyokuwa akiyafikiri.

"Akisikiliza, nimpige picha."

Jovita alivuta kitambaa chake juu zaidi usoni.

"Fikiria, Mama Noel. Mtoto yule yule, kambi nyingine, anasikia sauti ya mama yake. Hakuna haja ya kueleza chochote. Filamu nzima imo humo."

"Nimefikiria."

"Na?"

"Na hapana."

"Kwa nini hapana? Tutamwomba. Akikataa, basi."

"Hatakataa. Tumemletea mama yake, atakataaje? Hiyo siyo ruhusa, Baba Noel. Hayo ni malipo."

Nathaniel aligeukia dirishani. Alikuwa na miaka hamsini na kitu na uso wake siku hiyo ulionyesha yote. "Miaka ishirini," alisema, "tunabeba haya mabegi. Sijawahi kupata mwisho hata mmoja mzuri. Wote ni wa kuungaunga."

"Najua."

"Nimechoka na mimi. Usidhani ni wewe peke yako."

Jovita hakuwa anajua hilo. Siku zote aliamini kwamba anayetazama kupitia kioo hachoki, kwamba kioo kinamkinga. Aliweka mkono juu ya goti la mumewe, akauacha hapo hadi Kasulu.

Nyarugusu walimkuta Verediana kwenye foleni ya maji. Aliwapeleka hemani kwake, akawakaribisha kwenye madumu yaliyogeuzwa viti, akaomba radhi kwamba hana cha kuwapa. Nathaniel alifungua begi. Alitoa kamera, akaiweka pajani, akaondoa kifuniko. Verediana aliiona. Alijifunga upya kitambaa cha kichwani, akajipangusa uso kwa kiganja, akakaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Nathaniel alimtazama akijiandaa hivyo. Kisha akarudisha kifuniko, akaitia kamera ndani ya begi, akafunga zipu.

"Leo haifanyi kazi," alisema, na akatoka nje kwenda kukaa juani.

Jovita aliiweka kadi kwenye simu, akamvika Verediana zile hedifoni kubwa za kazini. Yeye mwenyewe hakusikia kitu. Kwa mara ya kwanza maneno yalipita mbele yake bila kupitia kwake, akabaki kutazama. Mwanzoni uso wa Verediana haukubadilika. Baadaye aligeuza kichwa upesi, kama mtu aliyeitwa na aliye nyuma yake.

"Ananifukuza!" alisema kwa sauti kubwa, maana hakuisikia sauti yake mwenyewe. "Ananiambia, Vere, toka juani, utakuwa mweusi kama sufuria!"

Akacheka. Kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili na mabega yakaanza kutikisika. Mtoto naye akalia kwa kumwona mama yake hivyo. Jovita alimchukua mtoto, akasimama naye mlangoni mwa hema.

Majirani walikuja kuuliza kuna msiba gani. Verediana alivua hedifoni, akachomoa waya, sauti ikatoka kwenye simu, ndogo na yenye mikwaruzo. Wanawake wakainama kusikia. Skolastika alikuwa amefika kwenye habari ya mbuzi. Mmoja akaanza kucheka, kisha mwingine, na mama mmoja mtu mzima akasema huyo bwana harusi ukoo wake anaujua, wote ni watu wa namna hiyo, wa kurukia maji na nguo. Wakabishana ukoo huo ni wa mlima gani, maana kwao mtu hutajwa kwa mlima anakotoka. Kule nje Nathaniel alikuwa anawasikia, mgongo wake ukiwa umewageukia.

Walipoaga, Verediana alimshika Jovita mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Alipolia hapasikiki," alisema. "Nilidhani nitasikia akilia tu. Mlipotuonyesha ile filamu kule Mtabila, alikuwa analia tu."

"Alilia kidogo," Jovita alisema. "Alisimulia zaidi."

Njia nzima ya kurudi Jovita alilala, kichwa kikigonga dirisha, na Nathaniel akaweka kiganja chake kati ya kioo na kichwa.

Filamu waliimaliza mwaka uliofuata, wakaionyesha Ujiji, kwenye ukumbi wa shule, shuka likiwa limekunjamana upande mmoja. Iliishia uwanjani, mabasi yakitoka getini, halafu giza. Watu waliendelea kukaa wakingoja zaidi. Taa zilipowashwa, Bwana Anatoli, aliyekuwa mwalimu mwenzake Nathaniel, akasimama kuuliza kwa nini imekatika hivyo, kama kuna sehemu imepotea.

Nathaniel alimtazama mkewe, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele na viatu amevivua.

"Haijapotea," alisema. "Ipo kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwalimu, tumechoka. Nenda kalale."

Watu walicheka, wakaanza kubeba viti. Jovita alivaa viatu, akainuka kumsaidia mumewe kukunja shuka, wakivuta kila mmoja upande wake hadi likanyooka.