Kiingilio Kilikuwa Jiwe

Watu huniita mkali, na sikatai. Ukikaa getini miaka kumi na mitatu ukikagua mawe ya watu, ukali utakuja wenyewe. Waliotaka kupita na kokoto niliwarudisha, hata wawe mashemeji zangu. Mmoja aliwahi kuniambia ameleta jiwe dogo kwa sababu yeye mwenyewe ni mfupi. Nikamwambia basi na yeye atazame kipindi cha kwanza tu, halafu aende zake nyumbani.

Ngoja nieleze vizuri, maana vijana wa siku hizi wanadhani natunga. Uwanja wa Nyati, timu yetu ya mpira hapa Nyangoto, uko kwenye mteremko. Zamani mvua ikinyesha watazamaji walikuwa wanateleza mpaka wanaingia uwanjani, na mwaka mmoja refa alivunja mechi kwa sababu mzee mmoja alifika kwenye kumi na nane akiwa amekaa. Hela ya kiingilio hakuna aliyekuwa nayo. Lakini mawe, nani alikosa mawe? Kila duara, yaani shimo la wachimbaji, lilikuwa na rundo lake pembeni, yale mawe yaliyotolewa chini yakaonekana hayana kitu. Mume wangu Kisyeri alikuwa mchimbaji, na pia alikuwa fundi wa kujenga. Ndiye aliyesema kiingilio kiwe jiwe. Mtu mmoja, jiwe moja, lisipungue ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Yeye atajenga ngazi za kukalia, mimi nikae getini nipokee.

Ndivyo zilivyopatikana ngazi tisa unazoziona. Mpaka leo nikifumba macho nawaona wanavyopanda Jumapili mchana. Wanaume wametoka mashimoni na vumbi kwenye kope, jiwe begani. Wanawake wamejitwisha jiwe kichwani kwenye kata, kama wanatoka kisimani. Robi, mke wa mjomba wangu, alikuja na lake akiwa na mimba ya miezi minane, akakataa kusaidiwa, na mechi haijafika mapumziko uchungu ukamshika. Kisyeri alikuwa analipokea jiwe, analigeuza mara mbili, analitafutia mahali, na mwenye nalo anakaa palepale. Hivyo kila mtu alikuwa na jiwe lake na nafasi yake, na ole wako ukalie la mwenzio.

Mimi yote niliyajua. Hili la nani, lile la nani, liliingia siku tunacheza na akina nani. Kisyeri ana miaka kumi na mmoja kaburini, na nikimtamani sihitaji picha yake. Napanda pale juu napapasa viungo vya mawe alivyovibana kwa mikono yake, nakaa, natazama milima, nalia kidogo, nashuka kupika. Sina aibu kulisema hilo.

Sasa mwaka huu ikaja barua. Nyati wamepanda daraja, wanatakiwa wawe na uwanja wenye uzio, vyumba vya kubadilishia nguo, na sehemu ya kuchezea iliyo sawa. Tulikuwa na mambo mawili ya kuchagua: tukarabati huu wetu, tuchonge ule mteremko kwa katapila na kujenga vyumba, au tuuache tuhamie kwenye eneo tambarare lililopatikana kando ya barabara ya kwenda Serengeti. Mwenyekiti Vedasto, mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale Nyamongo, alitaka tuhame. Yeye amekuja hapa juzijuzi tu, simlaumu. Niliyemlaumu ni katibu, na katibu ni Godwin, mwanangu wa kumzaa.

Godwin alikuja jikoni kunieleza kwa upole, kama anavyowaeleza wagonjwa kule zahanati anakofanya kazi. Akasema baba yake alijenga zile ngazi kwa ajili ya mpira, na mpira ukishahama, pale panabaki mawe. Nikamuuliza kama na mimi baba yake akishakufa nimebaki jiwe. Siku hiyo chai alijichemshia mwenyewe.

Lakini lililoniumiza zaidi lilitoka kwa Masalu. Huyu ni Msukuma, alikuja hapa na sururu moja, leo ana karasha mbili za kusagia mawe. Akaenda kwa Vedasto akamwambia kwamba wachimbaji wa zamani walitupa mawe mengi mazuri kwa sababu hawakuwa na mashine. Pengine ngazi zetu zote zimejaa dhahabu. Tukihama, yeye atazibomoa, atazisaga, na kitakachopatikana kitajenga uwanja mpya na hata paa. Habari hiyo ilipanda bodaboda asubuhi, kufika saa sita hakuna mtu Nyamongo ambaye hajaisikia. Watu waliokuwa upande wangu wakaanza kunikwepa njiani. Mkutano wa kupiga kura uliitishwa Jumamosi, na nilijua tukishindwa tu, mikono ya Kisyeri itaingia kwenye karasha.

Basi nikaona niwafunge mdomo. Jumatano nikamwita Masalu uwanjani. Alikuja na kuniamkia vizuri, shikamoo mama, kijana ana adabu hata kama ana tamaa. Nikamwambia achukue jiwe moja akalisage, na majibu ayatoe mbele ya watu wote. Akasogea kuchagua. Nikamwambia we mura, we kijana, toa mkono. Jiwe nitachagua mimi, maana mimi ndiye ninayejua lipi ni la nani.

Nilipanda mpaka ngazi ya sita, mwishoni upande wa kushoto. Pale kulikuwa na jiwe jeusi lenye mkanda mweupe. Nililikumbuka vizuri. Liliingia na mtu mmoja wa Shinyanga aliyepita hapa siku mbili, akatazama mechi moja, hatukumwona tena. Nikasema kama kuna jiwe lisilo na mwenyewe katika uwanja huu ni hili, halitamliza mtu. Nililing'oa kwa mtaimbo mimi mwenyewe. Imelda muuza karanga alikuwa amekaa pembeni kidogo anachambua karanga zake kwenye ungo. Imelda ni mtu wa Muleba, mpole, hana maneno mengi. Alisimama, akanitazama ninavyohangaika, nikadhani anataka kunisaidia. Nikamwambia akae, nitaliweza. Akakaa.

Ijumaa Masalu alinitumia ujumbe kwenye simu ya Godwin. Amelisaga, ameliosha kwenye karai mara tatu. Hakuna kitu, hata chembe. Nilicheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia.

Jumamosi watu walijaa ngazi zote tisa, hata waliohamia Tarime mjini walikuja. Masalu akasimama akasema ukweli, na kwa hilo namheshimu: alikuwa amepima na vipande alivyookota chini ya ngazi nyingine, vyote ni mawe matupu. Nikaona sura ya Vedasto ikishuka. Hapo nikaomba kusema.

Sikuhutubia. Niliwaambia tu yeyote aninyooshee jiwe lolote, nimwambie la nani. Wakaanza kwa utani. Mmoja akaonyesha la chini kabisa karibu na kona, nikamwambia ni la marehemu babu yako, alilileta siku tuliyowafunga Sirari matatu, na alilibeba mbali na kifua njia nzima akiogopa litachafua koti la kanisani. Mwingine akaonyesha la katikati, nikamwambia hilo la mama yako, aliliiba kwenye duara la shemeji yake wakagombana mwezi mzima. Watu wakacheka, halafu wakaanza kuinama. Kila mmoja alikuwa anatafuta la kwao, analigusa. Mzee mmoja alilala kifudifudi juu ya jiwe la ndugu yake, hakuona haya. Robi alimvuta yule binti yake, sasa mtu mzima mwenye watoto wanne, akamwambia uchungu wako ulinishikia hapa. Godwin aliacha kuandika. Nilijua nimeshinda, na nilijisikia vizuri, niseme nini? Nilijisikia kama Kisyeri amesimama nyuma yangu na mwiko wake wa fundi.

Sasa badala ya kukaa, nikaendelea. Nikapanda ngazi ya sita, nikawaonyesha lile pengo, Imelda kakaa hapohapo na ungo wake. Nikasema, na hapa palikuwa na jiwe la mtu wa Shinyanga, mpita njia, ndilo nililomkatia Masalu kiu yake.

Wengine wakacheka tena. Simioni hakucheka. Simioni alikuwa golikipa wetu, rika moja na Kisyeri, alikuwa amekaa ngazi ya saba. Alijiegemeza kwenye fimbo akainuka polepole, akaangalia alipokuwa amekaa.

"Shemeji, hapo umekosea," alisema. "Jiwe la mtu wa Shinyanga ni hili langu. Nilihamia hapa alipoondoka. Hilo la chini lilikuwa la Yona."

Nilitazama. Jiwe la Simioni lilikuwa jeusi, lina mkanda mweupe. Nikaona yote kama yalivyokuwa. Mawe mawili yanayofanana, Jumapili moja, Kisyeri kaweka moja juu na moja chini yake kwa sababu yalipendezana. La chini lilibebwa na kijana mrefu wa Muleba aliyekuja na mke wake mgeni, akaniuliza kama mke naye lazima alete la kwake. Nikamwambia leo bibi harusi anapita bure. Hiyo ilikuwa Jumapili. Alhamisi duara likaporomoka na watu watatu. Wawili walitolewa. Yona hakufikiwa, udongo ulikuwa unazidi kushuka, na baada ya siku sita waliacha kuchimba. Mpaka leo yuko chini. Hana kaburi Muleba, hana kaburi hapa.

Na mke wake hakurudi kwao. Miaka ishirini na saba anauza karanga, na kila Jumapili anakaa ngazi ya sita, mwishoni upande wa kushoto. Nilikuwa nadhani anapapenda kwa sababu ya kivuli.

Nilimgeukia. Alikuwa amekaa kwenye lile pengo, juu ya udongo, ungo mapajani. Nikamwambia mbele ya watu, maana nilijisifu mbele ya watu.

"Imelda, ni mimi niliyeling'oa."

"Najua, dada. Nilikuwepo."

"Sasa mbona hukunizuia?"

Aliondoa maganda mawili matatu ya karanga kwenye gauni lake.

"Wewe ndiye unayeyajua yote," alisema. "Nikasema labda ni mimi. Labda miaka yote hii nimekuwa nakaa pasipo pake."

Mimi Mokami, ninayeyajua yote. Nyuma yangu nikasikia mtu anamuuliza Masalu unga wa lile jiwe uko wapi, na Masalu akajibu kwa sauti ya chini kwamba aliumwaga kwenye rundo pamoja na mchanga wa watu wengine, tena jana walishaliosha rundo lote kwa maji. Kofia alikuwa ameivua. Nikakaa chini karibu na Imelda. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa kwamba hata huo ningeushika vibaya.

Vedasto alikohoa. Akasema, kwa ruhusa yetu, shughuli iishe watu wakapumzike. Wanaotaka Nyati ibaki hapa, uwanja ukarabatiwe na ngazi zisiguswe, wanyooshe mikono.

Imelda aliuweka ungo chini, akanyoosha wa kwake kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisha Simioni. Kisha uwanja mzima, hata Vedasto, hata Masalu ambaye si mwanachama. Godwin alizunguka akihesabu ngazi kwa ngazi. Alipofika kwetu alitusimamia kidogo, akamhesabu Imelda, akanitazama mimi, akapita. Kwenye daftari aliandika kwamba hakuna aliyepinga, na ni kweli, sikupinga. Lakini mkono wangu haukunyanyuka.