Kifungu cha Arobaini na Moja

Kazi yangu ni kuandika miswada ya chama. Sikuisomea. Niliingia makao makuu nikiwa mpiga chapa, na kwa miaka sita nilichapa maneno ya wanasheria hadi nikaanza kuona wanapokosea. Siku moja mwanasheria wa chama alihamia chama kingine, akaondoka na wasaidizi wake wawili, na Katibu akaniuliza kama ningeweza kushikilia kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo sasa zina miaka kumi na minne. Wenzangu wananiita Mzee Kifungu, nami huitika.

Kwa kuwa sikusomea, nilijiwekea utaratibu na kuufuata. Sibuni sentensi mpya kama kuna sheria ya zamani yenye sentensi iliyokwisha kupelekwa mahakamani ikasimama. Kabatini mwangu mna majalada, kila moja na aina yake: vifungu vya adhabu, vya rufaa, vya ukaguzi, vya mpito. Vya mpito ndivyo rahisi kuliko vyote. Vinaeleza mambo ya zamani yatakuwaje sheria mpya ikianza. Hukaa mwishoni mwa muswada, watu wakiwa wamechoka na wanatafuta viatu vyao chini ya meza, na hakuna anayevibishania.

Muswada wa kulinda mito ulituchukua miaka mitano. Chama chetu ni kidogo; tulikuwa na viti kumi na tisa, na kila neno tulilolipata tulilibembeleza kwa wenzetu wa muungano. Nilipofika kifungu cha arobaini na moja nilifungua jalada la mpito, nikanakili kutoka sheria ya dawa za mimea: "Kila kibali kilichokuwa hai siku ya kuanza kwa Sheria hii kitaendelea kuwa hai hadi muda wake utakapokwisha." Katika sheria ile, kibali kilikuwa cha mwaka mmoja. Nilikagua herufi kwa herufi, na haikuwa na kosa. Sikujiuliza kibali cha kumwaga maji machafu mtoni kinaweza kutolewa kwa miaka mingapi.

Dada yangu analima mboga kando ya kijito, chini ya kiwanda cha ngozi. Maji hushuka yakiwa ya buluu asubuhi, ya kijivu mchana. Binti yake wa mwisho, mwenye miaka saba, ana mikono iliyochubuka kama ya mfua nguo wa miaka mingi. Dada alikuja mbele ya kamati, akaweka chupa ya maji juu ya meza, akasema, "Waheshimiwa, sina maneno mengi. Nani ataonja?" Wakacheka, lakini hakuna aliyeigusa. Siku ile ndiyo iliyotupa kura za kamati.

Mwaka huo huo halmashauri ya mji iliwapa watu wa kijitoni viwanja huko juu, mbali na maji. Anayetaka atie saini kabla ya mwisho wa mwezi wa tano, na akishasaini aache shamba lake. Dada alinipigia simu.

"Mdogo wangu, nisaini?"

"Kibali cha kiwanda kinakwisha mwezi wa kumi na mbili," nilimwambia. "Sheria ikipita, hawapewi kingine. Usisaini, dada. Subiri."

Akasubiri. Mwezi wa tano ukapita.

Wiki ya mwisho ya Bunge, siku ya Jumatano, nilikwenda ofisi ya vibali kuchukua nakala ya ramani. Karani wa masjala ni mtu wa utani. Hawezi kukupa karatasi bila kukupa na maneno.

"Mzee Kifungu! Nyie ndio mnaotuua. Mkono wangu huu, tazama, umevimba kwa kugonga mihuri."

"Mihuri ya nini?"

"Vibali. Viwanda vyote vimekuja kuhuisha mapema. Foleni mpaka kwenye ngazi."

"Wanahuisha nini, na vya zamani havijaisha?"

"Wanarudisha vya zamani, wanachukua vipya. Vya miaka thelathini." Akashusha sauti. "Si mmeandika wenyewe kwamba kibali kilicho hai kinaendelea? Wanasheria wao wanakuja na ukurasa wenu mkononi. Wameupigia mstari."

Nilimuuliza kuhusu kiwanda cha ngozi. Akafungua daftari, akapitisha kidole, akakisimamisha. Kilikuwa cha kwanza kabisa.

Nilirudi kwa miguu, sikumbuki njia. Mnadhimu wetu, mama anayehesabu kura za chama na kujua nani anaumwa na nani anajifanya anaumwa, alikuwa ofisini kwake akila ndizi huku amesimama. Nikamwekea muswada mezani, nikamwonyesha, nikamweleza. Alisoma mara mbili.

"Nani aliandika hiki?"

"Mimi."

"Kamati nzima watu ishirini na mmoja. Hakuna aliyekiona?"

"Wenye viwanda walikiona, mama."

Akaketi. Nilikuwa nimekwisha kuandika marekebisho, mstari mmoja tu: kibali chochote kisizidi mwaka mmoja baada ya sheria kuanza. Nilimpa. Alikisoma kile kikaratasi, akakikunja, akatoka nacho bila koti. Alikwenda kwa kiongozi wa wenzetu wa muungano, ambao ofisi yao iko mwisho wa ukumbi huo huo. Hakuchukua hata dakika kumi.

"Ameniuliza swali moja," alisema aliporudi. "Tunautaka muswada au hatuutaki? Tukigusa neno moja, unarudi kamatini. Bunge linavunjwa Ijumaa. Ukirudi kamatini umekufa."

"Ukipita hivi, mama, kwa miaka thelathini haumgusi mtu yeyote aliyepo."

"Utawazuia wapya."

"Wapya watatoka wapi? Kila mwenye kiwanda ana kibali."

Hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha. Yeye hubisha hata akikosea.

"Tutarekebisha Bunge lijalo," alisema.

"Kwa viti vingapi?"

Alichukua ganda la ndizi akalitia kwenye kapu, akajifuta vidole kimoja kimoja. "Nimewaambia watu miaka mitano kwamba nitawaletea sheria hii," alisema. "Wengine wamezeeka wakinisubiri. Kama una namna nyingine, niambie sasa. Sikutishi, nakuomba."

Sikuwa na namna nyingine. Siwezi kumlaumu, na nimejaribu.

Ijumaa ulipita, kura mia moja na kumi na mbili kwa tisini na nane. Nilikuwa kwenye viti vya watumishi, nyuma ya kioo. Wabunge wetu walifunga vitambaa vya kijani shingoni. Wenzetu wa muungano walipiga meza kuliko sisi. Kwenye ngazi watu walinikumbatia. Kijana mmoja wa tawi la chuo alilia begani mwangu akasema nimeokoa mito ya nchi. Nilimpigapiga mgongoni. Sikujua jambo lingine la kufanya kwa mikono yangu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa dada. Alikuwa amesikia redioni. Alinipokea tangu barabarani, kanga kiunoni, akicheka.

"Huyu ndiye! Mtu aliyekuwa anaogopa kuku, leo kafunga kiwanda!"

Binti yake alinishika mkono akanivuta. "Mjomba, mama kasema mwakani nitaoga mtoni."

Nilimwomba akaniletee maji ya kunywa, ya dukani. Alipoondoka nilimwambia dada kila kitu, nikianzia jalada la mpito. Sikuruka kitu, wala sikumtaja Mnadhimu zaidi ya ilivyostahili. Alinisikiliza akiwa amesimama kati ya matuta, na jembe lake limeegemea bega.

"Kwa hiyo walisoma ulichoandika wewe," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe hukukisoma."

"Nilikisoma, dada. Sikukielewa."

Alitazama kijito. Muda ule maji yalikuwa bado ya buluu. "Na viwanja?"

"Nilipita halmashauri jana jioni kabla hawajafunga. Vimekwisha kugawiwa."

Nilingoja anitukane. Tulipokuwa wadogo alikuwa hodari wa matusi, na nadhani ningeyapokea kama zawadi. Lakini alikung'uta udongo kwenye jembe, taratibu, akaliweka chini.

"Sikusubiri peke yangu," alisema.

"Unasemaje?"

"Majirani walikuja kuniuliza. Niliwaambia ndugu yangu ndiye anayeiandika hiyo sheria, kwa mkono wake. Nikawaambia wasisaini. Nyumba tisa." Akafungua kanga akaifunga upya. "Twende."

"Wapi, dada?"

"Ukawaambie. Mimi siwezi kuyasema hayo. Hata vile vifungu sivijui."

Nyumba ya kwanza ni ya fundi baiskeli. Anakaa na mkewe na mama yake mzazi ambaye anakohoa tangu kiwanda kilipofunguliwa. Alituona tukiwa mbali. Aliacha gurudumu likizunguka, akajifuta mafuta kwenye suruali, akaja amefungua mikono.

"Mwanasheria wetu! Mke wangu, leta viti! Vyote! Mwite na mama, mwambie mtu wa sheria amekuja mwenyewe!"

Vikaletwa viti vinne. Bibi akatolewa nje, akasaidiwa kuketi, akaniangalia kwa furaha, akingoja. Dada alikaa, akatazama miguu yake.

Fundi alinivutia kiti kimoja, akakipangusa kwa kiganja.

"Karibu, ndugu yangu. Kaa, utueleze."

Nikamshukuru. Nikamwomba aniruhusu niseme nikiwa nimesimama.