Harufu ya Kuungua

Mimi nina mdomo, sikatai. Hapa Old Moshi wanasema Eliamini akikasirika hata ng'ombe wanaacha kucheua. Na hasira hiyo yote nilimmalizia mke wangu.

Eunike ndiye alikuwa pua ya kituo chetu cha maziwa. Kila asubuhi alifunua madumu moja moja, akainama, akanusa. Akisema mazima, yanapokelewa. Akitikisa kichwa, mwenye dumu anarudi nalo nyumbani. Miaka kumi na minne hakukosea.

Mwezi wa pili akaanza kukataa maziwa mazuri. "Yanaungua," alisema. Wenzake wakayapima kwa spiriti, hayakuganda, yakaonekana mazima. Yeye bado: "Yanaungua, jamani, hamsikii?" Jirani yetu Beatha alirudishwa mara tatu. Watu wakasema mke wangu ana roho mbaya. Nami badala ya kumtetea nikamfokea, "Mama Given, acha kunitia aibu! Kaombe radhi!" Akasimama mbele ya kikundi kizima cha wafugaji, akaomba radhi huku analia. Wakamwondoa kituoni. Nyumbani kila akisikia harufu ile alikuwa anaduwaa, macho yamemtoka, nami namwambia aache maigizo.

Mwezi wa kumi akaanguka jikoni, akakakamaa. Hospitalini mjini daktari akatuonyesha picha ya kichwa.

"Pua haina shida, mzee. Harufu ikitoka puani inapanda kwenye ubongo, inafika huku ndani, usawa wa sikio. Hapa ndipo mtu anatambua haya ni maziwa, huu ni moto. Uvimbe umeota hapohapo, unamtengenezea harufu isiyokuwepo. Alianza lini kuisikia?"

"Mwezi wa pili."

Akaishusha ile picha taratibu. "Wakati ule huenda tungeuwahi. Sasa hatuwezi kuukata."

Ole wangu! Miezi minane alikuwa anatuambia, na mimi namnyamazisha.

Sasa hatoki kitandani. Jana Beatha alileta maziwa, akapiga magoti, akalia kweli. Nikammiminia Eunike kikombe. Akakisogeza puani, akashtuka, kisha akanitazama mimi.

"Yanaungua, mke wangu?" nikamuuliza kwa upole. "Sema tu."

"Hapana, Baba Given," akajibu harakaharaka. "Ni mazima. Mazima kabisa."

Akafumba macho, akayanywa yote.